Dagaa Wangu Wamekamatwa Kituo cha Kumi na Nne

Tumsifu Yesu Kristo! Mwakeye, Waha wenzangu! Na ninyi wa Tabora mnaoangalia kimyakimya bila kusalimia, nawaona, karibuni.

Huku Houston ni saa kumi na mbili asubuhi, huko kwenu ni saa nane mchana, mmeshakula mnapunga upepo. Naongea chinichini kwa sababu watoto bado wamelala, na wakiamka tu shule imefunguliwa. Shule yenyewe ni hii meza hapa. Hili doa la wino ni la darasa la tatu.

Kabla sijasahau, maana kila video mnaniuliza: hapana, hawajafukuzwa shule. Na hapana, sijaishiwa ada, ingawa ada ya shule za Kanisa huku ukiisikia utakaa chini. Hapa Texas sheria inaihesabu shule ya nyumbani kama shule binafsi. Wanachotaka ni mtoto afundishwe kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema. Hayo mengine ni juu yako na mumeo. Mume wangu anaendesha roli, anaondoka Jumapili usiku anarudi Ijumaa, kwa hiyo mwalimu mkuu, mpishi na mpiga kengele ni mimi. Mama mkubwa wa Mwanga, kule Kigoma, alinipigia akaniambia, "Mwanangu, watoto wakikaa na mama yao kutwa nzima watamzoea." Nilicheka. Sikujua anatabiri.

Basi tuko wiki ya nne ya Kwaresima. Huko kwetu Kwaresima unaisikia hata ukiwa umelala: jumuiya inazunguka nyumba kwa nyumba na Njia ya Msalaba, watoto wanagombea kubeba msalaba, jirani Mwislamu anawapisha njiani na pole anakupa. Huku mtaa mzima unaweza ukawa Mkatoliki peke yako, na kila mtu kafunga mlango wa gereji. Waumini wa Kiswahili tunaonana Jumapili tu. Wamama wengi ni Wakongo na Warundi waliopita kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, tukikutana tunaongelea Kasulu mpaka padre anazima taa. Kwa hiyo nikaona, jumuiya itakuwa sisi wanne humu ndani.

Nikawapa kazi, somo la sanaa na dini kwa pamoja: wachore vituo vyote 14 vya Njia ya Msalaba, wavibandike nyumba nzima, Ijumaa tuvitembelee. Walichora. Kituo cha kumi, Yesu anavuliwa nguo zake, kitinda mimba wangu wa miaka mitano akakibandika kwenye mashine ya kufulia. Nikabaki sina la kusema, maana hoja anayo. Kituo cha sita, Veronika anampangusa Yesu uso, kipo juu ya taulo za bafuni. Kikabaki cha kumi na nne, Yesu anazikwa kaburini. Yule wa katikati, ana miaka tisa, akatafuta pango. Akazunguka, akazunguka, akafungua kabati la chini kabisa la stoo, nyuma ya mfuko wa unga.

Jamani. Kule ndiko nilikoficha dagaa.

Dagaa wa Kigoma, wale wenyewe, wakavu wanaong'aa, kilo mbili, walikuja Januari kwenye sanduku la mtu wa Ujiji. Ukifungua mfuko, harufu inakurudisha Kibirizi asubuhi, mitumbwi inaingia, wamama wameinama mchangani wanaanika. Kila Ijumaa, watoto wakishalala, mimi nilikuwa nachota kiganja, nawachambua vichwa, nawakaanga kwa mawese na nyanya na pilipili, nasonga ugali mdogo wa mtu mmoja. Nakula nimesimama, dirisha wazi harufu itoke. Wao nimewapa mkate na supu ya dengu, nimewaambia leo Ijumaa tunajinyima.

Mtoto akautoa mfuko, akauweka mezani hapa, juu ya daftari la hesabu. Hakupiga kelele. Akauliza, "Mama, hawa ni nyama?" Nikasema hapana, ni samaki, samaki wanaruhusiwa. Akanyamaza kidogo. "Wewe unawapenda?" Nikasema ninawapenda. "Kuliko kuku?" Hapo ndipo nilipokamatwa. "Sasa Mama, unajinyima nini?"

Unajua mtoto akienda shule, swali kama hilo anamwuliza mwalimu, wewe unaletewa ripoti mwisho wa muhula. Huyu wangu anaketi mbele yangu kutwa. Nikajaribu kukimbilia sheria. Nikamfundisha kwamba kuacha nyama Ijumaa za Kwaresima kunaanzia miaka 14, kufunga chakula kunaanzia 18 mpaka unapoingia mwaka wa 60, kwamba Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu ni yote mawili. Nikamwambia mpaka kituko cha jirani zetu wa Louisiana: mwaka 2010 Askofu Mkuu wa New Orleans alithibitisha kwamba aligeta, yule ndugu yake mamba, anahesabiwa samaki, ruksa Ijumaa. (Huko kwetu mto Malagarasi mamba ndiye anayetuhesabu sisi.) Parokia zetu huku Ijumaa jioni wanakaanga kambare ukumbini, foleni kama ya harusi, viazi pembeni, watu wanacheka. Sheria iko upande wangu kabisa.

Kaka mkubwa, aliyetimiza 14 mwezi huohuo wa Januari na anajiona kama shemasi, akasema, "Tumpigie bibi."

Wakampigia bibi simu ya video. Mama yangu akawa ameketi nje, anamenya mihogo, anasikiliza kesi yote huku kisu kinaendelea. Nilitegemea atanitetea, maana yeye ndiye aliyetulea kwa dagaa Ijumaa zote. Akasema, "Sisi tulikula dagaa kwa sababu ndicho kilichokuwepo. Nyama tuliiona Krismasi. Wewe huko kuku wamejaa friji." Kisu kikasimama. "Mwanangu, huko uliko dagaa ndio nyama yako."

Kisha akawasimulia wajukuu jinsi ziwa lenyewe lilivyofunga, mwaka 2024, tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, serikali ikasimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Miezi mitatu taa za wavuvi hazionekani usiku, soko limepoa, dagaa bei juu. Wa katikati akashika kalamu akauliza, "Siku ngapi, bibi?" Wakahesabu pamoja, wakapata 92. Nikaiandika kuwa somo la hesabu la siku hiyo, msinicheke, na jiografia pia.

Hukumu ikatoka hivi: Ijumaa mama anakula dengu kama wenzake. Dominika si siku ya kufunga, lakini kaka mkubwa akasema hata Dominika ningoje, kwa wale dagaa niliowala kwa siri. Na kwa kila kiganja nilichochota nikatumbukiza dola moja kwenye kile kisanduku cha karatasi cha sadaka ya Kwaresima tulichopewa kanisani. Nilikubali viganja vitatu. Vilikuwa vinne. Nimeweka cha nne jana usiku, wamelala.

Mfuko huu hapa, ngoja niusogeze muuone. Wameuzungushia utepe wa gundi mara tano, na wa miaka tisa ameandika kwa kalamu ya rangi PASAKA, herufi S imegeuka. Unakaa juu ya friji, mahali ambapo nikipanda kiti wote wanasikia.

Nasikia miguu kwenye ngazi. Mama mkubwa, kama unaangalia, niandikie hapo chini: dagaa waliokaa stoo tangu Januari, niwaloweke maji ya moto au niwakaange wakavu hivyohivyo?