Jina la Kwenye Mabano

Mabibi na mabwana, karibuni. Mashine mbili za santuri, miksa na deki ya kaseti mnazoziona mezani tutazitumia kadiri tunavyokwenda, kwa hiyo walio nyuma wasogee mbele.

Chukua santuri yoyote ya inchi 12 iliyotoka London au New York miaka ya 1980, usome karatasi iliyo katikati. Jina la mwimbaji limeandikwa kwa herufi nene, la wimbo linafuata, halafu ndani ya mabano, kwa herufi za kutafutiwa miwani, kuna jina la mtu ambaye hakuimba wala hakushika gitaa. Mhadhara huu ni wake. Tutaonyesha namna ya kutengeneza nyumbani kanda iliyopangwa kwa jina lake badala ya jina la mwimbaji. Ukiipanga hivyo, sikio hulazimika kusikia mkono mmoja ukipita ndani ya nyimbo za watu wasiofanana hata kidogo.

Kwanza tutenganishe kazi, maana huchanganywa sana. Prodyuza yupo wakati wa kurekodi: ndiye anayesema ngoma zirekodiwe vipi na ni mrudio upi wa sauti utabaki. Wa kuchanganya huja baadaye, akapima kila chombo kikae wapi na kwa nguvu gani. Fundi wa rimiksi huja mwisho, wimbo ukiwa umeshakwisha, akaufumua na kuujenga upya. Mfano ulio wazi ni albamu ya Depeche Mode ya mwaka 1990, Violator. Prodyuza, pamoja na bendi yenyewe, ni Flood, ambaye jina lake halisi ni Mark Ellis. Karibu nyimbo zote zilichanganywa na François Kevorkian, Mfaransa aliyekulia kazini katika madisko ya New York. Wimbo mmoja, Enjoy the Silence, ulichanganywa na Daniel Miller, mwanzilishi wa Mute, lebo iliyotoa santuri za bendi hiyo, akiwa na Phil Legg. Upigeni ukifuatiwa na jirani yake wowote wa albamu hiyo, halafu sikilizeni besi tu: namna inavyokaa ni tofauti. Wasikilizaji wengi wana albamu hii miaka yote na hawajawahi kugundua kwamba imepita mikono tofauti.

Kazi ya kufumua ina mizizi miwili. Mmoja uko Kingston, Jamaika, kwa King Tubby, fundi wa redio na vipaza sauti aliyeanza kuzipunguza nyimbo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alikuwa na kanda zenye njia nne tu. Sauti ya mwimbaji ilitolewa, besi na ngoma zikabaki, halafu neno moja lilirudishwa kwa sekunde moja likapotelea kwenye mwangwi. Miksa yake ilikuwa na kitufe kikubwa cha kuchuja sauti nzito, na alikizungusha wimbo ukiwa unakwenda, kama anavyocheza mpiga ala.

Mzizi wa pili uko New York, kwa Tom Moulton. Aliona watu wakiondoka kwenye uwanja wa dansi pale tu walipoanza kupata joto, kwa kuwa wimbo wa dakika 3 ulikuwa umekwisha. Akatengeneza nyumbani kanda ya dakika 45 kwa ajili ya klabu moja ya Fire Island, kisiwa kilicho karibu na New York, na kazi hiyo ilimchukua saa 80. Baadaye, siku ya kukata sahani ya majaribio, fundi José Rodriguez aliishiwa na sahani za inchi 7, akatumia ya inchi 10. Mifuo, yaani mistari inayofuatwa na sindano, ilikuwa michache ikakaa kama utepe mwembamba kwenye uwanja mtupu, basi wakaitawanya na kuongeza sauti. Kilichotoka kiliwashangaza wote wawili: mfuo ukiwa na nafasi, besi inaweza kuyumbisha sindano bila kugonga mfuo wa pembeni. Kutoka hapo wakapanda hadi sahani kubwa zaidi, na huo ndio mwanzo wa santuri ya inchi 12. Ya kwanza kuuzwa madukani ilitoka lebo ya Salsoul mwaka 1976, na DJ Walter Gibbons ndiye aliyeichukua Ten Percent ya Double Exposure, wimbo wa dakika 3 hivi, akaufikisha zaidi ya dakika 9.

Sasa tuijenge kanda.

Upande A tunampa Shep Pettibone, aliyekuwa akipiga michanganyo yake redioni Kiss FM, New York. Chukueni rimiksi zake tatu za bendi za Kiingereza: West End Girls ya Pet Shop Boys na Bizarre Love Triangle ya New Order, zote za 1986, na Behind the Wheel ya Depeche Mode ya 1987. Waimbaji watatu, na hakuna anayeweza kumchanganya mmoja na mwenzake. Lakini zikipangwa mfululizo, mnaanza kuzijua tabia za fundi. Sauti ya mwimbaji hucheleweshwa. Ngoma ndogondogo huongezwa juu ya mdundo. Katikati kila kitu huondolewa, kisha hurudishwa kimoja kimoja. Na silabi moja hukatwa ikarudiwa harakaharaka, kama bunduki.

Hapo kwenye silabi tukae kidogo. Kabla ya kompyuta, kazi hiyo ilifanywa kwa wembe na utepe wa gundi. Utepe wa studio ukienda sentimita 38 kwa sekunde, na wimbo una mapigo 120 kwa dakika, pigo moja linachukua sentimita 19 za utepe, na robo ya pigo ni chini kidogo ya sentimita 5. Fundi alinakili silabi mara kadhaa, akapima kwa rula, akakata kwa mshazari, akaunga. Mapigo manne ya kigugumizi yalihitaji vipande 16. Akikosea milimita 5 kwenye kipande, kipande hicho kinachelewa kwa sehemu kama 13 za elfu moja za sekunde. Kosa la kipande kimoja halisikiki. Likirudiwa kwenye kila kipande, mdundo unachechemea. Wenye haki ya kutajwa hapa ni Latin Rascals, yaani Albert Cabrera na Tony Moran, waliofanya ukataji huo kuwa mtindo unaotambulika.

Kwenye kaseti hilo haliwezekani. Utepe wake unakwenda sentimita 4.76 kwa sekunde, robo ya pigo ni milimita 6, na upana wenyewe haufiki milimita 4. Nyumbani tunatumia kitufe cha pozi. Weka deki kwenye rekodi ikiwa kwenye pozi, piga santuri, hesabu mapigo 16, achia pozi kwenye pigo la kwanza la mzunguko unaofuata. Deki nyingi huchelewa kidogo kushika, hivyo kidole kiachie mapema kidogo tu kabla ya pigo. Kiasi cha kuwahi kinatofautiana kutoka deki hadi deki. Jaribu kwenye kanda mbovu hadi mkono uzoee. Ukisikia “tik” kila unapounga, ni deki yenyewe. Iunganishie juu ya pigo la ngoma, litaifunika. Usinakili kanda kwa kanda zaidi ya mara moja: kila nakala inaongeza mvumo kwa desibeli 3 hivi na kula sauti nyembamba.

Kwa kuunganisha santuri mbili kwa mashine mbili, hesabu mapigo ya kila wimbo kwa sekunde 30, zidisha kwa 2, andika kwa penseli kwenye jalada. Tuseme mmoja una 112 na mwingine 120. Ukiupandisha wa kwanza kasi kwa asilimia 7, sauti ya mwimbaji inapanda zaidi ya nusu toni na anaanza kusikika kama mtoto. Afadhali huyu apande 3 na mwenzake ashuke 4: wote wanafika 115 na kidogo, na hakuna atakayelalamika. Tofauti ikizidi asilimia 8, acheni kulazimisha. Malizeni wimbo, wekeni ukimya wa nusu sekunde, anzeni mwingine.

Linaloharibu michanganyo mingi ni kusahau nani alipiga ngoma. Katika disko ya Moulton na Gibbons ngoma zilipigwa na binadamu, na binadamu hukaza mwendo kiitikio kinapokaribia. Hata mkianza sawasawa, mapigo 16 baadaye farasi wawili wanakimbia kila mmoja kivyake. Kwa santuri hizo unganisheni kwa mapigo 8 tu, kidole kikiwa ukingoni mwa sahani tayari kuisukuma au kuishika. Kuanzia Blue Monday ya New Order, 1983, inayokwenda mapigo 130, mashine ya ngoma inashikilia mwendo mwanzo hadi mwisho, na mnaweza kuziacha nyimbo mbili zitembee pamoja kwa mapigo 32 au 64. Besi mbili zisikutane hata hivyo. Punguza besi ya unaoingia, kisha zibadilishane kwenye pigo la kwanza la mzunguko. Kama miksa haina kitufe cha besi, subiri mwisho wa wimbo unaotoka. Mafundi wa inchi 12 waliacha hapo ngoma tupu kwa makusudi, kwa ajili yako.

Upande B ni wa Andrew Weatherall, DJ na fundi wa rimiksi wa Uingereza, aliyefariki Februari 2020. Alipewa wimbo wa pole wa bendi ya Primal Scream, I'm Losing More Than I'll Ever Have, akaugeuza kuwa Loaded, iliyotoka mwaka 1990. Za asili zimebaki chembe tu. Ngoma zenyewe zilitoka kwenye mchanganyo wa kichochoroni wa Italia uliotengenezwa juu ya wimbo wa Edie Brickell, kwa hiyo rimiksi hii imesimama juu ya rimiksi nyingine isiyo na jina. Kwenye kanda wekeni wimbo wa asili kwanza, kisha Loaded, bila kuviunganisha. Hapa ukimya kati yao una kazi kuliko ufundi wa mikono. Fuatisheni na Soon ya bendi ya My Bloody Valentine kwa mkono wake huyohuyo, mwaka huohuo: gitaa zilezile zenye ukungu, lakini sasa zina kiuno.

Kwetu prodyuza hakungoja mabano. Katika Bongo Fleva hutaja jina lake au la studio ndani ya wimbo wenyewe, kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Na singeli ya Dar es Salaam, inayovuka mapigo 200 kwa dakika, ilianza kwa watengenezaji kukata vipande vya taarabu na kuvikimbiza. Lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo wa studio ya Sisso mwaka 2017, na ukiusikiliza unajua mara moja kwamba mwenye nyumba ni aliyekaa kwenye kompyuta.

Kuhusu kanda yenyewe. Nunueni ya dakika 90. Ya 120 ina utepe mwembamba mno, unavutika na kumezwa na kigurudumu cha mpira. Upande wa dakika 45 unabeba inchi 12 sita au saba. Kanda tupu huwa na utepe wa ziada kidogo, basi ipimeni kwa saa kabla ya kupanga orodha, la sivyo wimbo wa mwisho utakatwa mkia. Ipelekeni mbele hadi mwisho na kuirudisha ili ijikaze sawasawa, kisha izungusheni kwa kalamu mpaka utepe wa kahawia uonekane. Kichwa cha deki kisuguliwe kwa pamba yenye spiriti safi, na kigurudumu pia.

Kiwango cha sauti kinawatesa wengi. Muziki wa dansi unashawishi kusukuma mshale kwenye nyekundu, na besi huvumilia. Kinachokufa kwanza ni matoazi: deki huongeza sauti nyembamba wakati wa kurekodi, hivyo utepe hujaa huko kabla ya kujaa kwenye besi. Matoazi yakianza kusikika kama mchanga unaomwagwa, teremsheni desibeli 2 au 3. Kanda ya kromu, aina ya pili, ina mvumo mdogo. Chagueni kitufe chake kama deki haitambui yenyewe. Dolby, mfumo wa kupunguza mvumo, ni nzuri kwa atakayepiga kwenye deki ileile. Kanda ya kumpa mtu ambaye hujui atapigia wapi, rekodi bila Dolby. Kichwa cha deki yake kikiwa kimeinama kidogo, sauti nyembamba tayari zimepungua, na Dolby itazipunguza tena.

Kwenye karatasi ya jalada andikeni fundi kwanza, kisha wimbo, mwimbaji, mwaka, namba ya santuri. Msiishie kwenye karatasi ya katikati. Inamisheni santuri taani mwangalie sehemu laini ambapo mifuo inaishia. Huko mkataji wa sahani huchora kwa mkono, na nyingi za Uingereza zina alama ya George Peckham, “Porky”. Naye aingie kwenye jalada.

Kabla ya kuvunja vijimeno vya nyuma, sikilizeni kanda nzima kwenye deki nyingine. Ukishika kanda upande A ukikutazama na utepe ukiwa chini, kijimeno cha kushoto ndicho cha upande A. Ukija kutaka kurekodi tena, ziba tundu kwa selotepu, ila usizibe tundu la pili lililo jirani kwenye kanda ya kromu, kwa sababu ndilo linaloiambia deki ni kanda ya aina gani. Sasa tunashusha sindano kwenye Pettibone. Maswali baada ya santuri ya tatu.