Kidole kimoja, pikipiki nzima

Jambo yenu, ba Lubumbashi! Ba Katuba, ba Kenya, ba Ruashi, hata nyinyi wa Golf wenye majenereta, jambo yenu. Kwenu kunakucha, hapa Des Moines, Marekani, ni saa nne usiku, theluji imefika kwenye ngazi na watoto wamelala, kwa hiyo naongea chini chini. Leo naongea juu ya klavye, vile vitufe vya kuchapia vya kompyuta, kwa hiyo msiangalie uso wangu, angalieni mikono.

Wanaonijua tangu zamani wanakumbuka nilikuwa nachapa TFC, zile kazi za kumaliza masomo ya chuo, za wanafunzi kwenye sekretaria, kile kibanda chetu cha meza mbili. Tulilipwa kwa ukurasa. Umeme ukikatika kabla hujahifadhi, kazi ya asubuhi nzima imekwenda, na mwanafunzi amesimama nyuma yako anakupumulia shingoni. Pale ndipo vidole vyangu vilizoea klavye yetu, ile inayoanza na A-Z-E-R-T-Y. Nambari mpaka ushikilie kitufe cha herufi kubwa, nukta vilevile. Sikujua kama kuna nyingine duniani.

Nikafika huku. Siku ya kwanza ghalani nikapewa kompyuta niweke neno langu la siri. Nikachapa bila kuangalia, kama fundi. Imekataa. Tena, imekataa. Mara ya tatu ikafungwa kabisa. Bosi ananitazama kama mtu aliyedanganya kwenye karatasi za kuomba kazi. Kumbe pale vidole vyangu vilipozoea A, wao wameweka Q. Pale pa M, nukta mkato.

Basi nikasema, kama ni lazima nianze upya, kwa nini nianze na hiyo yao? Ile ya Q-W-E-R-T-Y ilitokana na mashine ya Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, iliyoanza kuuzwa mwaka 1874. Baadaye mwalimu wa chuo kikuu huko Seattle, August Dvorak, na shemeji yake William Dealey wakaja na mpango mwingine, wakapata hataza mwaka 1936. Herufi zenye kazi nyingi wakaziweka mstari wa kati, vidole vinapolala. Mkono wa kushoto unalalia A, O, E, U, na kidole cha shahada kinasogea hatua moja tu kupata I. Irabu zote tano! Wao walikuwa wanafikiria Kiingereza. Mimi nikafikiria kwetu.

Chukueni hii: "Mama anapika bukari na samaki." Herufi 25. A ziko 9. Q je? Sifuri. Sasa kwenye klavye ya nyumbani, kidole chenu kidogo cha kushoto kikipumzika kinalalia nini? Q! Mgeni amepewa kiti, A mwenye nyumba amesimama juu. TFC ni za Kifaransa, sawa, kule Q ina kazi yake. Lakini barua za mama zangu, matangazo ya kanisa, maneno ya msiba, vyote nilichapa kwa Kiswahili, kidole kinapanda na kushuka.

Kwenye Dvorak konsonanti nyingi ziko kulia. Kwa hiyo "habari" inakwenda kulia, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja. Mara ya kwanza nilipoichapa vizuri niliirudia mpaka mke wangu akauliza namsalimia nani.

Lakini Dvorak hakupanga kwa ajili yetu. K, P na Y ziko kushoto, pamoja na irabu. Chapeni "kaka yake": kushoto kunahangaika, kulia kumekaa kama shemeji aliyekuja kula. Na hii ndiyo niliyowaitia. Nashika chai kwa mkono wa kulia, mnaiona? Sasa: pi, ki, pi, ki. P, I, K, zote ni za kidole kimoja, hiki hapa cha shahada. Kinaruka juu, kati, chini, kati, kama chura. Pikipiki nzima, na chai haijamwagika.

Kujifunza? Hamna cha kununua. Mpango wenyewe umo tayari ndani ya Windows na Mac, unauchagua kwenye mipangilio. Nilichora herufi kwenye karatasi nikaibandika chini ya skrini, maana ukiangalia vitufe vyenyewe vinakudanganya. Dakika 20 kila usiku. Wiki mbili za kwanza nilikuwa mtoto wa darasa la kwanza, jina langu lenyewe lilinitoa jasho. Kunakili na kubandika ndiyo nachukia mpaka leo: C na V zimehamia kulia, mkono mmoja hautoshi tena. Baada ya miezi mitatu nikarudia kasi yangu ya sekretaria. Kuirudia, si kuipita. Mwaka 1956 Earle Strong aliwapima wachapaji kwa ajili ya serikali ya Marekani, na waliohamia Dvorak hawakuwashinda wenzao walioongezewa mazoezi kwenye klavye ileile ya kawaida. Mimi nimepata vidole visivyosafiri sana. Inanitosha.

Mdogo wangu wa Katuba, anayechapa siku hizi pale pale nilipokaa, ameniuliza: "Yaya, kaka yangu, na mimi nibadilishe?" Mdogo wangu, kompyuta ikiwa yako peke yako, jaribu. Mkiwa watu wanne kwenye mashine moja, acha kabisa. Utasahau kurudisha. Mimi nilisahau, mwezi uliopita, kwenye kompyuta ile ile ya ghalani. Akaja bosi, akaweka neno lake la siri. Imekataa. Tena. Mara ya tatu ikafungwa, na mimi nimesimama nyuma yake na boksi mkononi, kimya.

Sijamwambia mpaka leo. Ndiyo maana video hii naifanya kwa Kiswahili.