Jinsi ya kuseti PS4 na PS3 picha ikae sawa kwenye flat screen yako

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo tunaseti picha ya PS (PlayStation, mashine ya gemu) kwenye flat, ntatumia PS4 ya kawaida na TV ya inchi 32 sababu hizo ndo zimejaa mtaani, alafu mbele kidogo tutagusa PS3 mana bado zipo kibao na yenyewe ina mambo yake tofauti kabisa. Usiondoke mapema ukadhani ni kuingia seting na kuchagua namba kubwa tu. Watu wengi wanachagua namba kubwa na bado picha ina ukungu, dakika na magoli pale juu vimekatwa nusu, wakiuliza wanaambiwa PS imechoka peleka kwa fundi. PS haijachoka. Ni mashine na TV hazijaelewana, na hilo unalimaliza mwenyewe hapo hapo sebuleni bila kutoa hata mia.

Haya, kabla hujashika pedi anza na TV. Igeuze uangalie stika ya nyuma, utaona namba ya modeli, iandike pembeni alafu itafute mtandaoni uone kioo chake kina pikseli ngapi (vile vidoti vidogo vinavyounda picha), pale penye neno resolution. Usisome boksi tafadhali. Boksi likiandika Full HD 1080p mara nyingi maana yake TV inapokea picha ya 1080p (yani mistari 1080 ya pikseli toka juu mpaka chini), haimaanishi kioo chenyewe kina pikseli hizo. Full HD ya kweli ni 1920 kwa 1080. Sasa TV nyingi sana za inchi 32 kioo chake ni 1366 kwa 768, na 720p yenyewe ni 1280 kwa 720. Ziangalie hizo namba vizuri, 768 sio 720 wala sio 1080, yani kioo hicho hakilingani na chochote ambacho PS inatoa, kwaiyo iwe isiwe TV yako lazima ipunguze au iongeze picha ndo iienee kwenye kioo.

Sa swali linakuja, kama kioo changu ni 768 niweke 720p au 1080p? Jibu langu weka 1080p kama TV inaipokea. Sababu yake ni hii, gemu nyingi za PS4 zinachorwa ndani ya mashine kwa 1080p au karibu na hapo. Ukiilazimisha itoe 720p mashine inapunguza picha kwanza, ikifika kwenye TV inaongezwa tena ifike 768, imepunguzwa imeongezwa, hapo katikati ndo maandishi madogo yanapotea. Ukitoa 1080p kazi inafanyika mara moja tu, TV inapunguza, basi, na kingo za vitu zinakaa laini zaidi. Ila nikwambie ukweli pia, kwenye inchi 32 ukikaa mita 2 na kuendelea jicho lako halioni tofauti kubwa kati ya hizo mbili, kwaiyo usije ukauza TV nzima kisa umesikia jirani ana Full HD.

Na kuna kitu kinasemwa sana kwenye sehemu za kuchezea gemu, eti ukishusha PS4 kwenda 720p gemu inakimbia haraka haigandi. Kwa PS4 ya kawaida hapana. Gemu inachorwa vile vile ilivyotengenezwa, wewe unabadilisha tu saizi ya picha inayotoka kwenye waya. Kama gemu inaganda tafuta vumbi kwenye feni, angalia hard disk kama imejaa, resolusheni iache.

Alafu hii 1080i, ile yenye herufi i mwishoni. Wengi wanaichukulia ni ile ile 1080p, sio. 1080i inatuma mistari nusu nusu, kwanza mistari ya namba witiri alafu ya namba shufwa, TV ndo inaiunganisha. Kwenye taarifa ya habari hutaona shida ila kwenye mpira au gari linakimbia unaanza kuona kingo zina meno meno kama kitana. Sasa zipo TV za zamani kidogo zenye nembo ya HD Ready, hiyo nembo ilianza Ulaya mwaka 2005 na masharti yake yalikuwa TV ipokee 720p na 1080i, 1080p haikuwa lazima. Kama unayo ya namna hiyo na 1080p inagoma, mimi nakushauri chukua 720p kwa gemu, achana na 1080i.

Tumemaliza TV tuje kwenye waya. PS4 haina tundu la AV (la ule waya wa njano nyekundu nyeupe), ni HDMI tu (waya mmoja unaobeba picha na sauti pamoja), kwaiyo hapo huna cha kuchagua. Waya uliokuja nayo unatosha kabisa kwa 1080p. Kama waya umepotea, ukienda dukani, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi, omba ulioandikwa High Speed, mfupi wa mita moja na nusu au mbili, na usikubali kuuziwa wa bei ya ajabu kwa sababu umeandikwa 8K wakati mashine yako mwisho wake 1080p. Picha haitapendeza zaidi hata kidogo.

Haya washa PS4. Ukiwa hom skrini panda juu kwa mshale, nenda kulia mpaka kwenye kile kiboksi cha vifaa vya ufundi kimeandikwa Settings, bonyeza X. Shuka mpaka Sound and Screen, ingia Video Output Settings, ya juu pale unaona Resolution. Ukifungua utakuta imekaa Automatic. Automatic ni nzuri, mashine inaiuliza TV wewe unapokea nini alafu inachagua, ila kuna TV zinajibu hovyo, hasa zile za majina yasiyojulikana, unakuta ina 1080p ila inajibu 720p. Kwaiyo usiiamini bila kuikagua. Chukua rimoti ya TV bonyeza kitufe cha Info au Display, juu ya kioo itaandika kinachoingia, 1920x1080 60Hz au 720p au chochote. Ikiandika chini ya 1080p wakati TV yako inapokea 1080p, rudi kwenye Resolution uweke 1080p mwenyewe. Skrini itakuwa nyeusi kidogo alafu picha itarudi na swali kama unaona, kubali. Isiporudi usiogope usizime, acha pedi chini subiri tu, isipopata jibu inajirudisha yenyewe ilipokuwa.

Sasa hapa ndo nataka mnisikilize vizuri kwa sababu hapa ndo penye ugonjwa wenyewe. Umeshaweka 1080p, Info inasema 1080p, lakini magoli yamekatwa juu kushoto na ramani ya chini haionekani yote. Hiyo ni TV. TV inavuta picha nje kidogo, ni tabia ya tangu enzi za TV za chogo ambapo pembeni mwa picha palikuwa pachafu wakawa wanapaficha nyuma ya fremu. Kwenye gemu hakuna uchafu wa kuficha, inakukatia picha bure, na mbaya zaidi kwa sababu imevuta basi kila pikseli imehama mahali pake na ukungu ndo unaingia. Hata TV ya Full HD kamili ikivuta hivyo unapoteza ile faida yote uliyoilipia.

Wengi wanafanya nini? Wanaingia kwenye PS, Display Area Settings, wanaibana picha mpaka ienee. Ndio itaenea, lakini umeshabana upande mmoja na TV bado inavuta upande wa pili, picha imeumizwa mara mbili. Anza na TV! Chukua rimoti, ingia Menu, Picture, tafuta Picture Size au Aspect Ratio. Kwenye LG chagua Just Scan. Kwenye Samsung inaitwa Screen Fit, au utakuta 16:9 na chini yake Fit to Screen iwashe. Sony wana Full Pixel. TV zingine utaona Dot by Dot au kitu chenye neno overscan (ndo huko kuvuta picha nje), hiyo overscan izime. Ukibadilisha tu utaona picha inasogea ndani kidogo na maandishi yanakaza pale pale. Kama TV yako haina kabisa hiyo seting, hapo sasa ndo urudi kwenye Display Area Settings ya PS ubane mpaka alama za pembeni zionekane, na uibane kidogo tu usizidishe.

Ukiwa bado humo kwenye Picture shusha Sharpness. Watu wanaipandisha mpaka mwisho wakidhani ndo HD, inachofanya ni kuchora kimstari cheupe pembeni ya kila kitu. Shusha mpaka hicho kimstari kipotee. Na washa Game Mode, hii haibadilishi resolusheni ila inapunguza ile hali ya kubonyeza pasi na mchezaji anachelewa kuitika, utaisikia kwenye vidole kabla hujaiona kwa macho.

Kitu kingine cha haraka, rangi. Ukiona sehemu za giza zimekuwa nyeusi tii huoni mtu aliyejificha, au kinyume chake kila kitu kimepauka, rudi Video Output Settings kuna RGB Range. Iache Automatic kwanza, ikigoma weka Limited, TV nyingi zinaielewa hiyo. Full weka pale tu ambapo TV nayo umeiseti hivyo.

Umeweka resolusheni TV haiipati, au umebeba PS kwa mshkaji TV yake ya zamani na hamna picha kabisa? Zima PS4 kabisa, sio kuilaza. Shikilia kitufe cha kuwashia, utasikia mlio wa kwanza, usiachie, kama sekunde 7 utasikia wa pili, achia. Chomeka pedi kwa waya wa USB, bluetooth hapo haifanyi kazi, bonyeza kitufe cha PS. Itakuja orodha yenye namba. Chagua namba 2, Change Resolution. Itawaka kwa 480p, picha mbovu mbovu, ni kawaida, ingia ukapange upya kama tulivyofanya. Na naomba sana usiguse namba 6 wala 7 kwenye hiyo orodha, zile zinafuta kila kitu, magemu, sevu, akaunti, vyote.

PS3 sasa. PS4 inakuza au kupunguza kila gemu ilingane na ulichochagua, PS3 haiko hivyo, yenyewe inaangalia gemu imetengenezwa kwa ngapi alafu inaangalia wewe umeruhusu zipi. Gemu nyingi za PS3 ni 720p. Mtu anaingia Settings, Display Settings, Video Output Settings, anachagua HDMI, anaweka Custom alafu anaacha tiki kwenye 1080 peke yake kwa sababu anataka kubwa. Kinachotokea gemu ya 720p ikitafuta 720p inakuta haijaruhusiwa, inashuka chini kabisa mpaka 480p au 576p, unapata picha mbaya kuliko ulivyoanza. Kwenye PS3 weka tiki zote ambazo TV yako inapokea, 480p, 576p, 720p, 1080i, 1080p, iachie gemu ichague. Usishangae menyu ikawa 1080p na gemu ikaingia 720p, ndo inavyotakiwa.

Na kama PS3 yako bado inatumia ule waya wa njano nyekundu nyeupe kwenye flat, humo HD haipiti, hata useti vipi. Nunua HDMI. Ukihamia HDMI na isipotoa picha, ikiwa imezimwa na taa nyekundu inawaka shikilia kitufe mpaka mlio wa pili, achia, itajipanga kwa waya mpya. Vile viboksi vya kugeuza AV kuwa HDMI vyenye kiswichi cha 720p na 1080p, vinafaa kwa mwenye PS2 na TV isiyo na tundu la AV, ila picha inayoingia ndani ni ile ile ndogo, kiboksi kinaikuza tu, kwaiyo ukiwa na PS3 huna sababu ya kuvinunua.

Mwenye TV ya 4K na PS4 ya kawaida wewe weka 1080p ukae kwa amani, 4K ni 3840 kwa 2160, kila pikseli moja ya PS inakaa kwenye pikseli nne za kioo bila kubaki wala kupungua. Ukiambiwa PS4 Slim inatoa 4K kwenye gemu sio kweli, ni PS4 Pro ya mwaka 2016 ndo inatoa, na hiyo lazima uende kwenye TV uwashe tundu la HDMI lipokee yote, Samsung wanaiita Input Signal Plus, LG ni Ultra HD Deep Colour, bila hivyo baadhi ya machaguo ya 2160p (hiyo hiyo 4K) yanajificha.

Kama umefuata mpaka hapa na bado maandishi yana ukungu niandikie namba ya modeli ya TV, ile ya kwenye stika sio ya kwenye boksi, na kilichoandikwa ukibonyeza Info, ntakujibu.