Wageni Wakishaondoka: Kumhudumia Mfiwa Baada ya Matanga

(Mhadhara kwa wanafunzi wa uuguzi na maafisa ustawi wa jamii, Dodoma)

Mbukwenyi! Nashukuru mmeitikia kwa sauti, maana mada ya leo huwafanya watu waangalie chini.

Nianze na jambo ambalo pengine halitawafurahisha walimu wenu. Siku za mwanzo za msiba, sisi hatuhitajiki sana. Akifa mtu Chang'ombe au kule Mvumi, maiti haijatoka hospitali turubai limeshafungwa, kinamama wameshainjika sufuria, na mwenye daftari la rambirambi ameshakaa mezani. Mfiwa haachwi peke yake hata kidogo. Hakuna idara ya serikali inayoweza kufanya hivyo. Shida inakuja matanga yakishaanuliwa. Turubai linarudi kwa mwenyewe, mashemeji wanapanda basi, na mama wa watu anabaki na madeni na watoto wanaouliza maswali. Hapo ndipo kazi yetu inapoanza, na hapo ndipo tunakuwa tumeshafunga faili. Faili ni la marehemu. Aliyebaki hana ukurasa.

Ila kuna dakika chache kabla ya matanga ambazo ni zetu peke yetu, nazo ni za kutoa taarifa. Ndugu akiulizwa miaka kumi baadaye, atakumbuka nani alimwambia, walisimama wapi, na yule muuguzi alikuwa anaangalia simu. Kwa hiyo tafuta chumba, au hata benchi lililo pembeni. Mkae. Uliza amekuja na nani. Halafu sema "amefariki". Usiseme "hali ilibadilika" wala "tulijitahidi", ukamwacha mtu anauliza amehamishiwa wodi gani. Kama ni kwa simu, uliza kwanza yuko wapi. Anaweza kuwa anaendesha bodaboda. Na habari ya deni la matibabu isitoke kinywani mwa aliyetoa habari ya kifo. Naomba mliandike hilo.

Sasa, najua kwenye mtihani mtaulizwa hatua tano za huzuni za daktari Elisabeth Kübler-Ross. Zijibuni mpate maksi. Lakini mjue kwamba kitabu chake cha mwaka 1969 kilitokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wanakufa, kule Chicago. Hakikuwa utafiti wa wafiwa. Ukimwendea mjane ukiwa unasubiri amalize hasira ndipo aingie hatua inayofuata, utamsubiri sana.

Mimi napenda zaidi walichoandika Margaret Stroebe na Henk Schut wa Uholanzi mwaka 1999. Wao wanasema mfiwa huenda na kurudi: mara anazama kwenye huzuni, mara anashughulika na maisha yaliyobadilika, na kurudi huko na huku ndiko kunakomponya. Wagogo hawakuhitaji kusomewa hilo. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi. Mume akifariki Januari, palizi haingoji arobaini. Mke atakwenda kwenye uwele wake asubuhi, atapalilia, atacheka na jirani, na jioni atalia mpaka sauti ikauke. Mawifi watasema hana uchungu. Afisa ustawi mwenye akili atawaambia mawifi hao kwamba jembe ni sehemu ya maombolezo yake, na tena atauliza nani atamsaidia ekari iliyobaki.

Nataka nikae kidogo kwenye wodi ya wazazi, kwa sababu huko ndiko tunakoumiza watu bila kukusudia. Mtoto akizaliwa amekufa, familia nyingi humzika haraka, wazee wachache tu, bila turubai wala daftari. Mama anaambiwa "utapata mwingine". Kenneth Doka, Mmarekani, aliandika mwaka 1989 kuhusu huzuni ambayo jamii haiipi kibali. Mama huyu ndiye mfano wake hasa. Anabaki kitandani katikati ya wenzake wanaonyonyesha. Siku ya pili au ya tatu maziwa yanajaa, na hakuna aliyemwambia kwamba yatajaa. Hebu fikirini! Mhamishe kitanda ikiwezekana. Mweleze mapema kuhusu maziwa, kwamba avae sidiria inayoshikilia vizuri bila kubana na asikamue zaidi ya kupunguza maumivu. Muulize kama anataka kumwona mwanawe kabla hajapelekwa. Akikataa, usimlazimishe. Akikubali, mfunike mtoto kwa kanga safi, umpe kama unavyompa mtoto yeyote. Na kama alishampa jina, litumie.

Watoto nao tunawaficha. "Baba amesafiri." Basi kila gari likisimama barabarani mtoto anakimbia dirishani. Mwambieni amekufa, mwili haufanyi kazi tena, hatarudi, na si yeye aliyesababisha. Hilo la mwisho watoto wadogo hulifikiria sana bila kulisema.

Lini huzuni inakuwa ugonjwa? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, ulioanza kutumika Januari 2022, unataka iwe imepita angalau miezi 6, huzuni iwe kali, imemzuia mtu kuishi, na imezidi mila na dini yake inavyotarajia. Mjane Mwislamu aliye ndani ya eda, miezi 4 na siku 10, si mgonjwa kwa kutotoka nyumbani. Lakini anayesema anataka kumfuata marehemu haanzi kuhesabiwa miezi. Huyo ni wa leo. Na hapa Dodoma tuna shida yetu. Mirembe, hospitali yetu ya magonjwa ya akili, ipo tangu mwaka 1927, na nchi nzima jina hilo limegeuzwa tusi. Usimwandikie mtu rufaa kimyakimya. Mweleze anakwenda kuonana na nani, kwa sababu gani, na kwamba atarudi kwake.

Kuhusu nyie wenyewe nitasema kwa ufupi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 4 za likizo yenye malipo anapofiwa na mtoto, mwenza, mzazi au ndugu wa kuzaliwa naye. Msiba ukiwa Kigoma, mbili zimeishia barabarani. Wakuu wa vitengo, muwe na ubinadamu kwenye ratiba.

Naona mkono umeshanyooshwa kule nyuma, na nadhani ni mirathi. Kwanza hakikisheni familia haitoki hospitali bila kibali cha mazishi, maana ndicho kinachotangulia cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali wa usajili. Kisha kikao cha ukoo na muhtasari wake, ndipo Mahakama ya Mwanzo. Mjane awepo kwenye kikao, na asomewe muhtasari kabla hajaweka dole gumba. Haya, uliza.