Daftari Kwanza, Mnunuzi Baadaye

Mabibi na mabwana, kila nikialikwa kwenye kikao kama hiki naulizwa swali lilelile: wakulima wetu wadogo wa mboga na matunda tuwatafutie wapi wanunuzi wa nje? Wanunuzi wapo. Ulaya inakula parachichi na maharage machanga masika na kiangazi. Mimi leo nimekuja kuzungumzia daftari.

Tumchukue mkulima mwenye nusu eka ya maharage machanga. Jumatatu kapiga dawa, na kibandiko cha chupa kinamtaka angoje siku 7 ndipo avune. Alhamisi gari la mnunuzi linafika bila taarifa. Akiyaacha, yatakomaa na kuwa na nyuzi, na hakuna atakayeyagusa. Anavuna. Mnamwita mkaidi? Siku anachanganya dawa, nani alimwambia gari linakuja lini?

Sasa sikilizeni. Katika Umoja wa Ulaya, dawa ambayo haikuwekewa kiwango chake hupewa kikomo cha mabaki ya miligramu 0.01 kwa kilo ya mazao. Hiyo ni gramu 1 ndani ya tani 100, na maabara inaiona! Shehena inazuiwa, pamoja na maharage ya jirani aliyengoja siku zote 7, kwa sababu kreti zilichanganywa na hakuna aliyeandika ipi ya nani.

Ndiyo maana nasema daftari: tarehe, jina la dawa, kipimo, kipande cha shamba, aliyebeba bomba la dawa. Na mnunuzi atoe ratiba ya mavuno kabla bomba halijajazwa. Hilo ni jukumu lake, asimsukumie mkulima.



Kuna cheti cha kuthibitisha kilimo bora na salama, GLOBALG.A.P. Kilianza mwaka 1997 kwa jina la EUREPGAP, na supamaketi nyingi za Ulaya hazipokei mzigo bila hicho. Peke yake mkulima mdogo hakimudu, kwa hiyo watu hujiunga. Kikundi cha wakulima 100, mkaguzi wa nje hutembelea kama 10 tu. Kikundi chenyewe lazima kiwakague wote, na uzembe wa mmoja unaweza kuwafungia wote.

Hapa ndipo ninapogombana na wafadhili. Mara nyingi anayelipia ni kampuni inayosafirisha, na cheti kinaandikwa jina lake. Kampuni hiyo ikishusha bei, wakulima waende wapi? Cheti hakiwafuati. Msaada ukitoka, ulipie cheti chenye jina la kikundi, na mshahara wa karani anayezunguka mashambani kukagua madaftari. Tena cheti ni cha miezi 12. Mradi wa miaka mitatu ukifungwa, mwaka wa nne nani atalipa? Swali hilo liandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa mradi, na kikundi kianze kukata shilingi chache kwa kila kilo tangu mavuno ya kwanza.

Waliokuja na madaftari, yafungueni kwenye mavuno ya mwisho. Tuanze na aliye karibu na mlango.