Kitufe Kilichofanana na Tangazo la Msiba

BARAKA: Zuhura, kabla hatujasalimia watu, shika simu yangu. Hii skrini nimeimaliza jana usiku. Hebu tuma malipo.

ZUHURA: Natumia wapi?

BARAKA: Si hapo hapo ulipoweka kidole!

ZUHURA: Hapa mimi nilidhani ni kichwa cha habari. Maneno ya bluu, hayana kisanduku, hayana chochote, yamekaa katikati kama tangazo la msiba.

BARAKA: (anacheka) Haya, karibuni jamani. Leo tunaongelea vitufe vya kwenye simu, na mimi nimeshaanza kuchapwa.

ZUHURA: Hujaanza wewe. Mwaka 2013 Apple walipotoa iOS 7, mfumo wa simu zao za iPhone, walivivua vitufe nguo karibu zote. Kingo zikaondoka, mng'ao ukaondoka, yakabaki maneno yenye rangi. Watu wakalalamika hawajui pa kugusa. Machi 2014, kwenye iOS 7.1, ikaongezwa swichi ya kurudisha umbo la vitufe, na wameificha ndani ya mipangilio huko. Yaani anayetaka kukiona kitufe aende akakiombe.

BARAKA: Mwaka huo huo 2014 Google wakaja na Material Design, mtindo wao wa kubuni skrini, wakakipa kitufe kivuli, kama karatasi iliyoinuliwa kidogo juu ya meza. Mimi nimekulia upande huo wa Android. Ila tuseme ukweli, simu ya bei nafuu, jua la saa saba mchana, kivuli chenyewe hukioni.

ZUHURA: Ndiyo maana sikitegemei. Kitufe kikuu nakijaza rangi. Kinachofuata nakiachia mstari wa pembeni tu, na cha tatu maneno matupu. Skrini moja, kitufe kimoja kilichojazwa. Wateja hawapendi hilo, wanakwambia vyote ni muhimu. Nawaambia, nenda stendi, wapiga debe watano wakuvute mkono kila mmoja kwa basi lake, uone kama utapanda hata moja.

BARAKA: Na ukubwa? Maana hapo ndipo ninapogombana na wabunifu.

ZUHURA: Apple wanataka pointi 44 kwa 44, Google dp 48 kwa 48, vyote ni vipimo vya skrini, na hizo za Google wanasema ni kama milimita 9. Sasa watu wanazishika hizo namba wakidhani ni ukubwa wa mchoro. Hapana. Ni ukubwa wa eneo linalopokea kidole.

BARAKA: Na hapo sisi waandika programu tunaharibu sana. Unachukua alama ya kufuta, ile ya ndoo ya taka, ina dp 24, unaifanya ibofywe yenyewe kama ilivyo. Inapendeza kweli. Mtu akigusa pembeni kidogo, kimya. Unatakiwa uongeze dp 12 kila upande, nafasi isiyoonekana, ifike 48. Mchoro haubadiliki hata chembe.

ZUHURA: Na usiibananishe na jirani yake. Fikiria mama muuza samaki pale Feri, mkono mmoja una kisu, mwingine una simu, na kidole gumba kimelowa. Huyo ndiye unayemtengenezea.

BARAKA: Acha niungame sasa. Kuna programu niliwatengenezea akina mama wa vicoba mtaani kwetu, ya kuandika michango ya kila wiki. Siku moja mweka hazina akaniita: "Mwanangu, hii hesabu yako inazidi." Daftari linasema elfu kumi, simu inasema elfu ishirini. Nikakaa naye barazani, nikamwomba aandike mchango mmoja nikimwangalia. Akabofya "Weka". Kitufe kimetulia tuli. Mtandao unajivuta. Akasubiri kidogo, akaniangalia mimi, akabofya tena.

ZUHURA: Na yote miwili ikaingia.

BARAKA: Yote miwili. Na kosa ni langu bila ubishi. Ukibisha hodi ukasikia "nakuja", hurudii kubisha. Mimi nilimwacha mama wa watu mlangoni.

ZUHURA: Ulirekebishaje?

BARAKA: Kidole kikigusa tu, rangi inakolea papo hapo, hata kabla ombi halijatoka kwenye simu. Halafu neno linageuka kuwa "Inahifadhi", na kitufe hakipokei mguso mwingine. Upana nimeufunga, maana neno likibadilika kitufe kikatanuka, mtu anashtuka. Lakini hiyo ni nusu ya dawa. Kila mchango sasa unapewa namba yake pekee humo humo kwenye simu kabla ya kutumwa. Seva ikikuta namba hiyo imeshaingia, hairudii. Simu inaweza kuzimika katikati, akaiwasha akatuma upya, na hapo kitufe hakina msaada wowote.

ZUHURA: Mimi ugomvi wangu ni vile vitufe vya kijivu visivyobofyeka. Umejaza fomu nzima, "Endelea" imenuna, na haikwambii umeacha nini. Kiache kiwake! Mtu akibofya, mpeleke kwenye kisanduku alichokiruka, umwambie "Weka namba ya simu" na yaishe.

BARAKA: Na rangi?

ZUHURA: Mwongozo wa WCAG, ule wa kufanya tovuti zitumike hata na wenye ulemavu, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi iliyo nyuma yake kwa angalau 4.5 kwa 1. Nyeupe juu ya njano kali haifiki hata 1.1. Nyeusi juu ya njano hiyo hiyo inapita 19. Mteja mmoja aling'ang'ania herufi nyeupe juu ya njano kwa sababu ndizo rangi za nembo yake. Sikubishana naye, nilimtoa nje juani nikampa simu. Akasoma, akasogeza karibu, akasema, "Haya, weka nyeusi."

BARAKA: Tusisahau maneno. Mimi nasumbuliwa na "Ghairi".

ZUHURA: Neno lenyewe halina kosa. Shangazi yangu wa Tanga analitumia kila siku, fulani kaghairi safari. Shida ni mahali tunapoliweka. Kisanduku kinauliza, "Je, unataka kughairi muamala?" Chini yake vitufe viwili, "Ghairi" na "Sawa". Ukibofya "Ghairi", umeghairi muamala au umeghairi kughairi?

BARAKA: Hiyo nimeiandika. Kwa mikono yangu hii.

ZUHURA: Najua. Na wengine wanakimbilia "Futa", ambayo ndiyo hiyo hiyo inayofuta picha za harusi. Nani ataigusa? Andika kinachotokea. Swali liwe "Tusitishe malipo haya?" na majibu yawe "Sitisha malipo" na "Endelea kulipa".

BARAKA: Hayataenea hayo, dada. Simu ndogo, vitufe viwili sambamba, na mwenye simu amekuza maandishi kwa sababu ya macho.

ZUHURA: Si uvipange kimoja juu ya kingine, kila kimoja kichukue upana wote? Urefu uache ukue na maandishi, usiufunge kama ulivyofunga upana. Na usiniletee ile ya kukata neno kwa nukta tatu, "Endelea ku…" Kula? Kulala?

BARAKA: (anacheka) Basi leo usiku naifungua tena ile skrini.

ZUHURA: Anza na tangazo la msiba.