Injini ya boti ya zamani inazimazima? Anzia kwenye tangi, kabureta baadaye

Mbukwenyi wadau, karibuni tena. Leo tuko Mtera, upande wa Dodoma, ukingoni kabisa mwa bwawa. Injini mnayoiona hapa ni tu-stroki ya zamani ya hospawa 15, kabureta moja (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa), inavutwa kwa kamba. Asubuhi inawaka bila shida, boti inaondoka, ikifika mbali kidogo inazima. Ukiiacha ipumzike inawaka tena, halafu inazima tena. Malalamiko ya namna hii ni mengi hapa bwawani, na injini nyingi zinaletwa kabureta likiwa limeshafunguliwa na skrubu moja haionekani ilipo.

Kwa hiyo weka spana chini kwanza. Muulize mwenye boti: inazima wakati gani? Ikiwa inazunguka taratibu? Ukiongeza moto, yaani ukiipa mafuta zaidi? Ukiingiza gia? Au mpaka ipate joto? Jibu lake litakupunguzia nusu ya kazi.

Hii ya leo inazima baada ya muda, na kabla ya kuzima inapoteza nguvu polepole. Hapo mimi naenda moja kwa moja kwenye mafuta. Sigara zima, na jiko la mkaa lisiwe karibu.

Sogeza kamera hapa juu ya tangi. Kwenye kifuniko kuna skrubu ndogo ya hewa. Boti ikisafiri lazima iwe imelegezwa. Petroli ikitoka bila hewa kuingia, tangi linavuta kwa ndani, mwisho mafuta hayaji tena. Sasa tazama huyu bwana anatumia dumu la lita 20, katoboa kifuniko akapitisha mpira wa mafuta, kisha akazungushia kipande cha tyubu ya baiskeli ili petroli isimwagike. Hakuna hewa inayopita hapo! Sikia nikifungua... umesikia huo mvumo? Ni hewa inaingia. Kwa usafiri mfupi dumu linavumilia, kwa mrefu halivumilii. Tafuta tangi lenye skrubu yake, hata kama ni la mtumba.

Tukitoka hapo, fuata mpira wa mafuta mpaka kwenye hii pampu ya mkono. Ina mshale, na mshale unaelekea kwenye injini. Binya mpaka iwe ngumu. Isipokuwa ngumu hata ubinye namna gani, ama vali zake za ndani zimekufa, ama kuna sehemu inavuta hewa. Ukikuta imenywea, imebonyea yenyewe wakati injini inafanya kazi, basi kizuizi kiko nyuma yake, upande wa tangi.

Na hiki ni kipimo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu hakihitaji kifaa chochote. Mko majini, injini inaanza kufifia. Mwenzako mmoja abinye pampu haraka haraka. Injini ikirudi kwenye nguvu zake, jua mafuta hayafiki ya kutosha. Kagua mpira kama una nyufa, kaza klipu, angalia oringi, ile pete ya mpira, ya kiungio kinachoingia kwenye injini, kisha fungua pampu ya mafuta iliyo ubavuni mwa injini uone dayaframu yake, ule utando wa ndani unaosukuma mafuta. Kwenye injini ya umri huu inakuwa imekakamaa au imechanika, na kuibadilisha ni kazi ndogo.

Petroli yenyewe nayo. Mimina kidogo kwenye chupa nyeupe inayoonyesha ndani, iache itulie. Maji yakiwemo yatakaa chini, utaona mstari. Mafuta hayo usiyatumie. Mchanganyiko wa injini nyingi za aina hii ni 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili ya tu-stroki kwa kila lita ya petroli. Kwa dumu la lita 20 ni mililita 400. Zipo za zamani zaidi zinazotaka oili nyingi kuliko hiyo, kwa hiyo fuata kitabu chake. Kukisia kwa kifuniko cha soda tuache.

Sasa ndiyo tunafika kwenye kabureta. Injini ikififia, vuta choki kidogo, ile ya kupunguza hewa. Ikichangamka, inakosa mafuta. Ikiwa inazima ikizunguka taratibu tu lakini kwa moto mkubwa inakwenda, jeti ndogo imeziba; jeti ni vile vitundu vya kupitisha petroli ndani ya kabureta. Ikitulia vizuri kwa chini halafu inakufa ukiongeza moto, shuku jeti kubwa. Zitoe, zioshe kwa petroli safi, zipulize kwa pampu ya upepo. Usichokonoe kwa waya, utapanua tundu na hutaweza kulirudisha.

Kama mafuta yote ni mazima na inazima ikiwa ya moto tu, kagua cheche papo hapo, kabla haijapoa. Ondoa tangi pembeni, futa petroli iliyomwagika. Fungua plagi, irudishe kwenye waya wake, igusishe kwenye chuma cha injini ukiishika kwa plaizi yenye mpira, kisha mwenzako avute kamba. Hakuna cheche ikiwa moto, na ikipoa inarudi? Hiyo mara nyingi ni koili, inayotengeneza umeme wa cheche. Ila kabla hujanunua koili, chomoa kwanza waya wa swichi ya kuzimia ujaribu tena. Swichi iliyoliwa na kutu inaweza kuzima injini peke yake.

Ikizima ukiingiza gia, angalia propela: wavu au kamba imejisokota. Hapa Mtera kuna miti mingi mikavu iliyosimama majini, na nyavu zinanasa humo.

La mwisho ni maji ya kupoozea. Injini ikiwaka lazima itoe kale kamchirizi ka maji nyuma. Kiangazi maji ya bwawa yakishuka, tope na majani yanaziba matundu ya kuvutia maji huku chini. Mchirizi ukikatika zima hapo hapo, safisha matundu. Bado hautoki? Mara nyingi ni impela, lile pangaboi dogo la mpira linalosukuma maji. Usiendelee kuilazimisha injini, itanoki, yaani itakwama kwa joto.

Ya leo, baada ya kuondoa ile tyubu, tunaifunga kwenye boti, boti imefungwa ukingoni kwa kamba, tunaiacha ifanye kazi ndani ya gia mpaka ipate joto lake. Usiijaribu nchi kavu. Kama huna bwawa karibu, tumbukiza mguu wake kwenye pipa la maji. Haya dogo, vuta.

Inaenda. Pampu imekaa ngumu, mchirizi unatoka. Kasia na maboya yabaki kwenye boti hata hivyo. Kubadilisha impela tutafanya video yake, nikishapata kipuri kutoka mjini.